Kibuyu cha Mwaitu

Ukiuliza pale Kaloleni Mutheu wa Mbeti anafanya kazi gani, utapewa majibu ya kila aina. Wako wanaosema ni daktari, na hao humgongea mlango na watoto wenye kikohozi. Wako wanaosema anapima mkojo mahali fulani ng'ambo ya mji. Ndolo, mwenye bucha Soko la Burma, hushikilia kwamba msichana huyo anafuga vijidudu, na wateja wakiwa wengi huongeza chumvi na kusema vijidudu hivyo vina bima ya afya nzuri kuliko yake. Mutheu mwenyewe alichoka kueleza. Siku hizi akiulizwa husema, "Niko maabara," akaendelea na safari yake.

Lakini wacha mimi nieleze, maana bila hilo hutanielewa. Mutheu anakuza seli. Seli ni zile chembe ndogo mno ambazo mwili wa kila mtu umejengwa kwazo. Daktari akimkata mgonjwa uvimbe wa saratani, kipande kidogo huletwa maabara, na kazi ya Mutheu ni kukibembeleza kiishi nje ya mwili. Anakitia chupani, anakilisha maji ya rangi ya waridi yenye sukari na chumvi na vitu vingine, anakiweka ndani ya kabati lenye joto la mwili wa mtu. Mara nyingi hufa. Mara chache, chache sana, seli hukubali. Hushika chini ya chupa, huzaana, na watoto wao huzaana, mpaka unakuwa na ukoo mzima wa seli ambao utaishi kukupita wewe na atakayekurithi, na dawa zikajaribiwa juu yake badala ya kujaribiwa juu ya mtu.

Saratani aliyoitafuta Mutheu ni ya umio, njia ya chakula. Walikuwa wamejaribu vipande vya wagonjwa wengi, vyote vikafa. Kisha kikaja kipande cha mzee mmoja wa Makueni, na seli zake zikakubali. Mutheu alilia siku hiyo mbele ya wenzake na hakuona haya hata kidogo. Alikuwa na sababu. Baba yake, Muoki, aliyekuwa karani wa baraza la jiji na mwimbaji wa kwaya mwenye sauti nzito, alikufa kwa ugonjwa huohuo. Nyama ilikataa kupita kooni, kisha ugali, kisha hata ndizi ya kupondwa. Mwishoni kilichopita ni kimoja tu, uji wa mkewe, kijiko kwa kijiko.

Sasa hapo ndipo kibuyu kinapoingia.

Mbeti, mamake Mutheu, anauza uji Burma. Alfajiri wachinjaji na wapakuzi wa nyama hawajatia kitu tumboni, na wachuuzi wanaokimbilia soko la Gikomba wanapita na njaa zao. Wote husimama kwa Mbeti. Na wewe usifikirie ni uji wa kila mtu, huu wa kukamuliwa ndimu ili uwe mchachu kwa nguvu. Uji wa Mbeti unachachuka wenyewe. Unga wa wimbi na mtama unakorogwa kwa maji, unatiwa ndani ya kibuyu kikubwa cheusi, unalala humo, na asubuhi unamiminwa kwenye sufuria kupikwa. Lakini haumiminwi wote. Kiasi kinabaki chini, na hicho ndicho chachu. Kinalishwa unga mpya na maji mapya, kinachachusha wa kesho. Kibuyu hakioshwi kwa sabuni, na maji moto hayakikaribii. Chachu ile haijawahi kukatika tangu Mbeti alipoletewa kibuyu na mama yake mzazi kutoka Kitui, akiwa bibi harusi. Dadake Mbeti, Ndinda, alipewa kibuyu chake pia, lakini kikafa mwaka wa njaa, wakati hapakuwa na unga wa watoto, seuze wa kibuyu. Kikabaki hiki kimoja.

Na mama huyo aliyeleta kibuyu aliitwa Mutheu. Desturi ya Wakamba unaijua: mtoto hubeba jina la nyanya yake, na akishalibeba, amekuwa yeye. Ndiyo maana ndani ya nyumba ile utasikia jambo la kuchekesha. Mutheu humwita Mbeti *mwaitu*, yaani mama, kama mtoto yeyote wa Kikamba. Naye Mbeti humwita Mutheu *mwaitu*. Wanaitana mama wao kwa wao tangu mmoja akiwa na nepi, na hakuna anayeona ajabu.

Kila asubuhi, kabla hajaenda kulisha seli, Mutheu alilisha kibuyu. Ndiyo ilikuwa kazi yake tangu shule ya msingi. Alipopata kazi alihamia mtaa wa Kware, akapanga chumba ghorofa ya juu ambako jua halifiki, lakini baba alipokufa akarudi Kaloleni kukaa na mama, na siku aliyorudi alikunja mikono, akatia unga, akakoroga. Mambo yakaendelea kama zamani. Hakuna aliyewaza lolote.

Basi asubuhi moja Mutheu alifungua kabati la joto, akaona yale maji ya waridi yamegeuka manjano, tena yana ukungu. Akasema, "Ala!" Akachukua chupa ya pili. Manjano. Ya tatu, ya nne, zote. Aliweka moja chini ya hadubini, na huko, juu ya seli alizozilea kama yai, akaona vitu vya mviringo vimeshikana kama shanga, kila kimoja kikichipuza kingine ubavuni. Hamira. Hamira imeingia chupani, imekula chakula chote, na seli zinakufa kwa njaa na uchafu.

"Mungu wangu," alisema Clare, mwenzake wa meza ya pili, akaziba mdomo.

Mkuu wa maabara ni Gordon Aloo, mtu wa makamo ambaye hajawahi kupandisha sauti, na labda ndiyo maana anaogopwa. Aliwakusanya. Akawaambia kilichobaki ni vichupa viwili tu, vile walivyovigandisha mwanzoni ndani ya tangi la baridi kali. "Tukiviyeyusha kabla hatujajua uchafu ulitoka wapi, tutakuwa tumeuzika ukoo huu kwa mikono yetu," alisema. "Nataka kila mtu afikirie. Nani anaoka mkate nyumbani? Nani anapika pombe? Sitamfukuza mtu. Nataka kujua tu."

Watu wakatazamana. Mutheu alihisi mikono yake imekuwa mizito. Aliitazama. Asubuhi hiyo ilikuwa imechovywa katika unga mchachu mpaka kwenye kifundo.

Nampa haki yake: hakuficha. Aliingia ofisini kwa Gordon, akafunga mlango, akasema, "Daktari, kwetu tunachachusha uji."

Gordon hakucheka wala hakukunja uso. Alimwambia alete kidogo, kimefungwa vizuri, wakipime vinasaba vyake sambamba na hamira ya chupani. Vikilingana, chanzo kimejulikana. Visipolingana, watafute kwingine. "Na mpaka majibu yaje, usiguse seli. Clare atashika kazi yako," alisema. "Na Mutheu, usijihukumu. Unajua mimi husemaje."

Mutheu alijua. Maabara nzima inajua. Gordon husema: majibu kwanza, maneno baadaye. Clare aliwahi kuyachapisha maneno hayo akayabandika mlangoni.

Lakini mlango huo uko maabara, hauko Kaloleni.

Alifika nyumbani akamkuta mama amekaa kibarazani akichambua wimbi kwenye ungo. "Mwaitu, zimekufa," alisema, hata salamu hakutoa.

"Nani wamekufa?" Mbeti aliinuka nusu.

"Seli zangu. Zimeingiliwa na hamira."

"Uuu! Pole, mwaitu. Pole sana." Mbeti alijua seli hizo. Alikuwa akiziombea kanisani kwa jina la "wale wagonjwa wa Mutheu", na mchungaji alidhani ni wadi. "Sasa hamira imeingiaje huko kwenu, na mnavyojifunika kama watu wa kurina asali?"

Mutheu alikuwa anakitazama kibuyu, pale kwenye pembe yake, kimefunikwa kitambaa. Kisha akachukua kijiko na kichupa alichotoka nacho kazini, akakifunua kibuyu, akachota.

Mama alimwangalia, na mimi naamini alielewa papo hapo. Mwanamke aliyeuza uji Burma miaka yote hiyo, miongoni mwa watu wenye visu, haelezwi mambo mara mbili.

Siku zilizofuata nyumba ilibadilika. Mutheu aliacha kukoroga. Nguo za kazini alizifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kwenda kuvalia kwa jirani. Akitoka chumbani alipita mbali na pembe ile, akibana sketi. Mbeti akamwekea kikombe cha uji mezani, kama kila siku tangu apate meno, na Mutheu akasema, "Wacha tu, mwaitu, nitakunywa chai huko mbele." Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu kikombe hakikuwekwa. Hakuna aliyegomba. Afadhali wangegombana, wangetupiana maneno, wangelia, yangeisha! Badala yake walikuwa wakiambizana "asante" na "samahani" kama wapangaji.

Jumapili baada ya kanisa, Mbeti alivua kilemba, akakikunja taratibu, akaketi mbele ya binti yake.

"Nataka kukuuliza, mwaitu, na unijibu kweli. Ni kibuyu kilichoua wagonjwa wako?"

Haya. Hapa ndipo ninapotamani kumshika Mutheu mabega. Neno lilikuwa moja, jepesi, na alilijua kuliko mtu yeyote mtaani: *hatujui, tunangoja majibu.* Hilo tu. Lakini alikuwa amechoka, na kazini Clare alikuwa ameketi kwenye kiti chake, na tangu azaliwe hajawahi kujiona mchafu kama wiki ile.

"Kama si kibuyu, ni nini?" alisema. "Pale kazini hakuna mwingine anayetoka kwao na mikono ya chachu."

"Una hakika?"

"Mwaitu, haya mambo nimeyasomea."

Mbeti aliitikia kwa kichwa. "Na sasa itakuwaje?"

"Labda nirudi Kware. Nipange chumba, niwe nakuja Jumamosi." Akaona uso wa mama, akaharakisha, "Si kwa ubaya."

"Hapana, si kwa ubaya," mama alisema, akainuka kwenda kuota jua.

Majibu yalitoka katikati ya wiki. Gordon alimwita, akamgeuzia kompyuta aone mwenyewe. Hamira ya chupani na hamira ya kibuyu hazikuwa hata binamu. Ile ya chupani ni aina inayopenda mahali pa unyevunyevu, mpira na maji yaliyosimama. Frankline, fundi wa mashine, alitumwa akague kabati la joto, na kumbe mpira wa mlango ulikuwa umepasuka upande wa chini, nyuma kabisa, na ndani ya ufa huo mmeota utelezi wa rangi ya krimu. Walipima. Ni yenyewe. Ilikuwa humo muda wote, hatua moja kutoka kwenye pua zao, na hakuna aliyeinama kutazama kwa sababu kila mtu alikuwa ameshasikia habari za uji wa kwao Mutheu.

"Umeona?" Gordon alisema.

Mutheu alicheka, akajifuta macho, akacheka tena. Alitaka kupiga simu nyumbani saa ileile, kisha akajizuia. Jambo kama hili halisemwi kwa simu. Aliona afike mwenyewe, na nyama mkononi, apige magoti kama msichana mdogo na kuomba radhi ana kwa ana. Alikuwa amelipanga lote.

"Kabla hujatoka," Gordon alisema, "kile kichupa cha uji. Hatuwezi kukaa na hamira ya nje humu tukiwa tunataka kuamsha seli. Kiue."

Ilikuwa sheria, na sheria nzuri. Mutheu alikitoa kwenye friji. Kilikuwa kijiko kimoja tu cha uji mbichi, wa kijivu, umejaa povu dogo juu, maana hata katika baridi ile ulikuwa bado unapumua. Alikitia ndani ya mashine ya mvuke, ile inayoua kila kilicho hai, pamoja na takataka nyingine, akafunga mlango, akabonyeza. Alikuwa akiimba. Clare ni shahidi, alimsikia akiimba wimbo wa kwaya wa babake.

Alishukia Burma jua likiwa bado liko juu. Ndolo alimwona kutoka mbali, akanoa kisu kwa mbwembwe.

"Niaje, daktari wa vijidudu! Leo umekumbuka maskini?"

"Nipe nyama nzuri, Ndolo. Ya mbavu. Na usiniwekee mifupa ya kuongeza uzito, nakujua."

"Mimi? Mimi mtu wa kanisa?" Akakata, akapima, akafunga. Kisha akainama juu ya meza, sauti ikashuka. "Lakini niambie kitu. Mama yuko sawa? Maana leo uji wake ulikuwa wa ndimu."

"Wa nini?"

"Ndimu. Kama wa watu wengine tu. Vijana walinung'unika, nikawanyamazisha. Nikamuuliza, *mama, chachu imeenda wapi?* Akacheka akasema imezeeka. Sasa kitu kama hicho kinazeeka?"

Mutheu aliacha nyama juu ya meza. Ndolo alimwita, akamwita tena, lakini alikuwa ameshavuka barabara. Alikimbia, mwanamke mzima mwenye shahada mbili, viatu mkononi, akipita katikati ya watu wanaotoka kazini, na moyoni alikuwa anasema neno moja, *kidogo, awe ameacha kidogo.* Kijiko kimoja kingetosha. Hata utelezi ulioshika ndani ya kibuyu ungetosha. Angekilisha, angekipa joto, angekibembeleza. Hiyo ndiyo kazi aliyosomea.

Kibuyu kilikuwa uani, kimening'inizwa kwenye kamba ya nguo, mdomo chini, kikikauka. Kilikuwa safi. Hajawahi kukiona kikiwa na rangi hiyo, ya kahawia hafifu. Alikishika, akatia pua ndani, na kilichotoka ni harufu ya sabuni ya kipande na maji ya moto.

Mbeti alikuwa jikoni, amesimama mbele ya sufuria. "Umerudi mapema," alisema.

"Mwaitu, si kibuyu." Mutheu alisimama mlangoni, amekikumbatia. "Majibu yametoka. Si uji wako. Ni mlango wa kabati. Ni mpira tu, umepasuka."

Mbeti aliweka mwiko chini.

"Basi hawakufa kwa ajili yetu?"

"Hapana."

"Mungu ni mwema," Mbeti alisema, na usidhani alikuwa anatania. Alifumba macho kabisa, akashukuru. Kwa siku zile zote mama huyu alikuwa akibeba mzigo wa kuua wagonjwa asiowajua, na sasa ukatuliwa.

Nikwambie mapema ili usikae na wasiwasi: seli zilipona. Mpira ulibadilishwa, kichupa kimoja kikayeyushwa, na kufikia mwisho wa wiki zilikuwa zimeshika chini ya chupa mpya na kuanza kuzaana. Mutheu alirudishiwa kiti chake. Ukoo wa mzee wa Makueni upo, uko hai, na kila mara wanagandisha vichupa vingine na kuviweka katika matangi tofauti, kimoja kikiharibika kingine kipo. Walishajifunza. Tangi hilo la baridi Mutheu alikuwa akilifungua kila juma, tangu aajiriwe, na lina nafasi tele, na hata siku moja halikumjia wazo la kupeleka humo kijiko kimoja cha nyumbani kwao.

Lakini jioni ile hayo yote hayakuwa yametokea. Jioni ile alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, soksi zimejaa vumbi, kibuyu kifuani.

"Hukubakisha hata kidogo?"

"Nilikimwaga chote. Nikamwaga maji moto mara mbili, nisije nikakosea." Mbeti alitazama chini. "Niliona nikikuweka wewe na hicho pamoja, mmoja atahama. Na hicho ni kibuyu tu."

"Mwaitu, mbona hukungoja majibu?"

Mbeti alimwangalia kwa mshangao wa kweli, bila hasira yoyote, kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Nilikungoja wewe," alisema. "Nikakuuliza Jumapili, ukanijibu. Na kibuyu ni cha Mutheu. Sasa Mutheu mwenyewe akisema kinaua, mimi Mbeti ni nani wa kumbishia?"

Mutheu alikaa chini, palepale kizingitini. Alilia kwa sauti, na jirani mmoja akachungulia juu ya ua akidhani kuna msiba. Mbeti alimwacha alie. Alichukua kikombe, kile cha siku zote chenye ua lililofifia ubavuni, akateka uji kwenye sufuria, akaja akaketi kando yake kwenye kizingiti, bega kwa bega.

"Kunywa, mwaitu," alisema. "Huu ni wa ndimu. Hauna kitu ndani."

Mutheu alikipokea kwa mikono miwili, akanywa.